Kesi ya mafua aliyobambikiwa bakteria

Kila Novemba 18 inapoanza wiki ya kimataifa ya kuhimiza matumizi sahihi ya antibiotiki, tunaambiwa yale yale: mafua huletwa na virusi, na amoksilini haivigusi. Kesho yake watu wamejipanga dirishani duka la dawa, wanataka vidonge vya rangi mbili vya kutuliza chafya.

Tusiwacheke. Mabingwa wa Berlin walikosea hivyo hivyo, tena kwa miaka 40.

Mwaka 1892 Richard Pfeiffer, msaidizi wa Robert Koch, aliona vijiti vidogo mno kwenye makohozi ya wagonjwa wa homa ya mafua, akatangaza kwamba amemnasa mhalifu. Nani angembishia? Koch ndiye aliyefichua bakteria wa kifua kikuu. Basi kijiti kikapewa jina la ugonjwa.

Homa ya 1918 ilipoua mamilioni, maabara zilimsaka bakteria huyo wa Pfeiffer. Baadhi zilimpata; nyingine hazikumwona hata kwenye mapafu ya maiti, na kwa kuwa hamei bila damu, waliomkosa walijilaumu wenyewe. Chanjo zikatengenezwa kutokana naye. Huko Tunis, Charles Nicolle na Charles Lebailly walipitisha makohozi kwenye chujio linalozuia bakteria, na majimaji yaliyopenya bado yakaambukiza. Wachache waliwasikiliza.

Kituko kikubwa kilikuja 1929. Katika makala yake ya kwanza kuhusu penisilini, Alexander Fleming aliisifia kwa kazi moja ya maabara: kuua bakteria wengine kwenye sahani ili yule wa Pfeiffer, asiyedhurika nayo, aonekane vizuri. Mama wa amoksilini yetu alianza kibarua kwa kumsaidia askari kumkamata asiyehusika!

Mwaka 1933, Mill Hill, London, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw waliwasukutulisha wagonjwa koo, wakayachuja maji hayo na kuyadondosha puani mwa vicheche wa kufugwa. Vicheche wakaugua. Miaka mitatu baadaye mmoja alimpigia chafya usoni mtafiti Charles Stuart-Harris, naye akashikwa na homa. Kesi ikaisha.

Bakteria ni kiumbe kamili: ana ukuta wake, anakula, anajigawa. Amoksilini huvuruga ujenzi wa ukuta huo. Kirusi hakina ukuta wala jiko. Huvamia seli ya mwenyeji na kuilazimisha ikitolee nakala. Hata hivyo bakteria hawakutoka mikono mitupu mwaka 1918: wengi waliodhoofishwa na virusi walimalizwa na nimonia ya bakteria.

Jina la ugonjwa alilopewa bakteria wa Pfeiffer halikufutwa. Mtoto wa wiki sita akipelekwa kliniki, chanjo ya penta humkinga, pamoja na mengine, dhidi ya Haemophilus influenzae aina b, bakteria wa homa ya uti wa mgongo na nimonia. Mama akilisoma jina hilo, atadhani mwanawe amechanjwa mafua.