Ngoma ya Asili ni Ipi?



Siku moja niliketi uani na wazee wawili katika Makanyagio, mjini Mpanda, tukiwatazama wanachuo wangu wa ualimu wakijizoeza ngoma ya kuonyesha siku ya sherehe. Mzee mmoja akaniambia, "Mwalimu, hiyo si ngoma ya asili. Imekuja na garimoshi." Mwenziwe akacheka, akamwuliza, "Na wewe, mzee mwenzangu, mama yako hakukuleta kwa garimoshi?" Neno hilo sikulisahau, na leo nataka tulifikiri pamoja.

Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka wa 1950, nayo ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Watu wa makabila mengi wakaja kutafuta kazi, wakawakuta wenyeji, yaani Wabende, Wakonongo na Wapimbwe. Baada ya mwaka wa 1972 wakaja wakimbizi wa Burundi, wengi wakakaa Katumba. Wasukuma nao wakafika na ng'ombe wao. Kila kundi lilikuja na ngoma yake. Ikiwa ya asili ni ile tu iliyozaliwa katika udongo huu, basi wengi wetu hatuna ngoma hata moja.

Wengine husema kwamba ya asili ni ile isiyochanganyika na mambo ya kigeni. Hebu tutazame habari za beni. Ngoma hii ilianza pwani, katika Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, na jina lake latokana na neno la Kiingereza la bendi. Wachezaji waliiga gwaride na tarumbeta za askari, wakajigawa katika vyama vya Marini na Arinoti, wakapeana vyeo vikubwa vikubwa. Zamani za Vita Kuu ya Kwanza, askari na wapagazi waliieneza bara. Maofisa wa serikali waliitilia shaka, wamisionari wengi waliichukia, na wazee wengi waliiona kuwa ni upuuzi wa vijana.

Lakini mambo yakawaje? Pande za Ziwa Nyasa vijana waliigeuza wakapata mganda. Mahali pa tarumbeta walitumia vibuyu vilivyozibwa kwa utando mwembamba, na nyimbo wakazitunga kwa lugha zao. Leo mganda huonyeshwa mbele ya wageni kuwa ngoma ya asili ya watu wa huko, wala hakuna anayeona ajabu.

Swali hili si la mchezo. Mwaka wa 1962 Rais Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, kwa kuwa alihuzunika kuona wasomi wanajua dansi za kigeni kuliko ngoma za kwao. Tangu hapo, kila palipo na mashindano ya ngoma, mwamuzi hana budi kusema ipi ni ya asili na ipi siyo. Na anayekataliwa huambiwa, kwa namna fulani, kwamba yeye si mwenyeji.

Wataalamu wa mataifa nao walisumbuka. Baraza lao la muziki wa asili, lililoanzishwa London mwaka wa 1947, lilikutana São Paulo mwaka wa 1954 likatoa kipimo cha mambo matatu: wimbo uwe na kiungo na zamani, uwe unageuka kadiri waimbaji wanavyoutia ya kwao, na jamii yenyewe ichague ni upi utakaodumu. Hata wimbo uliotungwa na mtu mmoja waweza kuingia, iwapo watu wameupokea na kuufinyanga upya. Usioingia ni ule unaochukuliwa mzima mzima na kubaki vile vile.

Kwa kipimo hiki mganda ni wa asili, na wimbo tunaoufungulia tu katika simu bado haujawa. Lakini naona kuna pungufu moja, na hapo yule mzee wa kwanza alikuwa na haki. Bugobogobo ya Wasukuma ni ngoma ya jembe: mdundo wake uliwatia nguvu watu waliolima pamoja. Ikichezwa jukwaani, majembe yakarushwa juu na shamba lisiwepo, mapigo ni yale yale, lakini kazi yake imekwisha. Kipimo cha São Paulo hakiulizi ngoma inafanya kazi gani.

Basi niliwaambia wanachuo wangu wasiiache ngoma yao, bali wamwendee yule mzee wamwulize mambo matatu: nani aliileta, nani aliigeuza, na ilichezwa kwa shughuli gani. Walikaa naye mpaka jua likazama. Mwishowe mzee alisimama mwenyewe, akawaonyesha kwamba mguu wa kushoto walikuwa wakiukosea. Sijui ni mwamuzi gani angejua jambo hilo.