Salamu za Kiingereza na Majibu Yake

Katika madarasa yetu husikika mara kwa mara jambo moja. Mwalimu huingia na kusema "Good morning", na mwanafunzi aliye mgeni wa lugha hiyo hujibu "Fine". Wenzake humcheka, mwalimu humsahihisha, lakini ni nadra kwa yeyote kueleza asili ya kosa lenyewe. Sisi twaona kwamba mwanafunzi huyo ameisikia salamu ya Kiingereza kwa sikio la Kiswahili. Kwetu, aulizwaye "Habari za asubuhi?" hujibu "Njema" au "Nzuri". Kosa lake ni kudhani kwamba Mwingereza naye ameuliza swali. Mwingereza hakuuliza kitu, amemwombea mwenzake.

Basi yafaa tuitazame kwa ufupi historia ya salamu hizo, kwani anayejua zilikotoka hatalazimika kukariri majibu yake.

Tuanze na zile zilizo dua. "Good morning" ni mabaki ya usemi mrefu zaidi. Katika tamthilia za Shakespeare, zilizoandikwa mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17, wahusika bado huombeana kwamba Mungu awape asubuhi njema. Miaka ilivyopita, jina la Mungu na kitenzi vikadondoka, yakabaki maneno mawili tu. Ndiyo maana jibu lake ni kuirudisha dua ile ile kwa aliyeitoa: "Good morning" hujibiwa "Good morning". Neno la kuagana, "Goodbye", nalo ni ufupisho wa maneno yenye maana ya "Mungu awe nawe". Silabi yake ya kwanza iligeuzwa kwa kufuata mfano wa salamu nyingine. Aidha, "Good night" ni dua ya kuagana tu. Anayebisha hodi saa tatu usiku husema "Good evening", na hapa ndipo wengi wetu hukosea.

Isidhaniwe kwamba maneno haya yalikuwa mepesi kwa wenyewe. Katika karne ya 17, George Fox, mwanzilishi wa dhehebu la Marafiki, watu waitwao Quaker, aliona kuwa ni wajibu wake wa kidini kutomtakia mtu asubuhi njema wala jioni njema, kutomvulia mkubwa kofia, na kumwita kila mtu kwa kiwakilishi cha umoja badala ya kile cha wingi kilichotumika kwa heshima. Wafuasi wake walipigwa na kufungwa kwa mienendo ya namna hii. Mtu hapigwi kwa kuacha kusema maneno yasiyo na uzito.

Salamu za aina ya pili zilianza kama maswali. Katika "How do you do?" kitenzi cha mwisho hakina maana ya "kutenda" bali ile ya kale ya "kuwa na hali fulani". Hapo zamani lilikuwa swali la kweli juu ya hali ya mtu, na Marekani limefupishwa likawa "Howdy". Lakini lilivyozoeleka katika kujulishana watu, liliacha kuwa swali, hata ikawa jibu lake la adabu ni kuyarudia maneno yale yale. Siku hizi salamu hiyo imepungua sana, na "How are you?" ndiyo isikikayo zaidi. Hii hujibiwa kwa ufupi, kwa shukrani, na kwa kumrudishia mwenzako swali: "Very well, thank you. And you?" Akijibu mtu "Not too bad", hasemi kwamba ana ubaya kidogo. Anakanusha ubaya ili kusema kwamba yu mzima. Mfasiri asihangaike: Kiswahili kina neno lililojengwa kwa njia hiyo hiyo, nalo ni "Sijambo".

Ama "Hello", hii si dua wala si swali. Ilikuwa sauti ya kumshtua mtu au kuonyesha mshangao. Simu ndiyo iliyoieneza. Alexander Graham Bell alipendelea "Ahoy", mwito wa mabaharia. Lakini mwaka 1877 Thomas Edison aliandika barua akipendekeza "Hello", na pendekezo lake ndilo lililoshinda. Mwito hujibiwa kwa mwito, nasi tuliopokea "haloo" pamoja na chombo chenyewe hujibu vivyo hivyo.

Mwaka 1923 mtaalamu Bronisław Malinowski alieleza kwamba maneno ya kuulizana hali na kutaja hali ya hewa hayakusudiwi kupasha habari, bali kuwaunganisha watu na kuuvunja ukimya. Istilahi aliyoitumia twaweza kuitohoa "fatiki". Lakini kwa walimu na watumishi wa umma twapendekeza "usemi wa ujirani", kwani kila asikiaye ataelewa.

Kiswahili nacho kina usemi huo. "Hujambo" ni kuulizwa kama huna jambo. "Shikamoo" yatokana na kushika miguu, ingawa anayeisema leo haishiki. Kila salamu ina mwitikio wake: "Hujambo" haijibiwi "Nzuri", wala "Shikamoo" haijibiwi "Salama". Tofauti ni kwamba kwetu swali halijafa kabisa. Mtu husema "Njema" kwanza, kisha huongeza: "ila mama anaumwa," na mwenzake husimama kumsikiliza. Anayetafsiri "How are you?" kwa "Habari gani?" akumbuke kwamba ameufungua mlango ambao Mwingereza mara nyingi huuacha umefungwa.

Kwa hiyo mfasiri asitafsiri maneno ya salamu, atafsiri tendo. Katika hadithi, mwanafunzi akimwambia mkuu wa shule "Good morning", Kiswahili chake ni "Shikamoo", na jibu ni "Marahaba". Wakiwa ni marafiki wa rika moja, "Habari za asubuhi?" yatosha. "Asubuhi njema", inayozidi kusikika kama salamu ya kukutana, ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Mahali pake kwa Kiswahili ni penye kuagana, pamoja na "Siku njema" na "Usiku mwema".

Ni matumaini yetu kwamba mwalimu atakayesikia tena lile "Fine" hatamcheka mwanafunzi, bali atamweleza kwamba ameombewa dua, na dua hurudishwa.