Darasa la Mlimani: Ngolo na Sengu katika Nchi ya Mbinga

Katika zama hizi, ambapo vyuo vikuu vya nchi nyingi vimeanza kuwatoa wanafunzi katika kumbi za mihadhara na kuwapeleka milimani, maziwani na misituni ili wapate tafrija, siha ya mwili na utulivu wa nafsi, yafaa ikumbukwe kuwa nchi ya Mbinga, katika milima ya Litembo, Kindimba na Ukata, ilikuwa na darasa lisilo dari wala kuta kabla ya chuo chochote kujengwa Tanganyika. Darasa hilo lilizaliwa na dhiki. Katikati ya karne ya 19 mashambulio ya Wangoni yaliwasukuma Wamatengo, wenyeji wa nchi hiyo, wakajikusanya katika miinuko mikali, ilhali huko chini, katika ufuko wa Ziwa Nyasa, watu wa Liuli walijisitiri katika jabali la Pomonda, ambalo Wajerumani walipoliona walilifananisha na sanamu ya kale ya Misri, wakaiita bandari ya Liuli Sphinxhafen. Watu wengi katika ardhi haba iliyosimama wima walilazimika kuvumbua ukulima ambao mvua haiwezi kuuteremsha bondeni, na ukulima huo ndio ngolo.

Kijana wa Kimatengo hakufundishwa ngolo kwa maneno. Mvua za masika zilipokaribia ukingoni, aghalabu mwezi wa Machi, alipanda mlima pamoja na baba yake kufyeka majani, na majani yalipokauka akaona jinsi yanavyopangwa kwa mistari inayokatana, hata mteremko mzima ukawa na miraba mithili ya wavu uliotandazwa. Kisha mama zake na dada zake wakashika majembe, wakachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo huo, wakapanda maharagwe juu ya matuta. Maji ya mvua yalituama katika mashimo, yakanywewa na ardhi polepole. Udongo uliosombwa ulitua humo humo badala ya kupotea mtoni. Na majani yaliyozikwa, yakisha kuoza, yalikuwa mbolea ya mahindi yaliyofuata baada ya maharagwe. Mwanafunzi wa darasa hili alipata mazoezi ya viungo, hewa safi na maarifa ya maji na udongo kwa wakati mmoja, wala hakuna aliyemtenganishia mambo hayo katika vipindi.

Jioni darasa lilihamia kwenye sengu. Wanaume wa ukoo mmoja, wazee kwa vijana, walikusanyika mahali pamoja kwa mkubwa wao, kila mke akaleta chakula cha nyumba yake, na katika kula kwa pamoja magomvi yakasuluhishwa, kazi zikagawanywa, na kijana aliyekosa akaonywa mbele ya watu wampendao. Kwa rai yangu, hapa ndipo penye siri ambayo waalimu wa leo wa afya ya nafsi hawana budi kuitafuta, kwani mlima peke yake humchosha mtu. Kinachomponya ni kuteremka na kukuta watu wanaomngoja. Mwalimu Kurt Hahn, aliyeasisi shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales, mwaka 1941, alilijua jambo hilo, na shule iliyofuata mfano wake Loitokitok, katika miteremko ya Kilimanjaro upande wa Kenya mwaka 1952, iliwapandisha vijana mlimani kwa vikundi. Japani nayo, tangu mwaka 1982, imewahimiza raia wake kuingia mwituni kwa ajili ya siha.

Wenye elimu ya vitabu hawakuchelewa sana kuja kujifunza Umatengo. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika habari za hifadhi ya udongo ya Wamatengo katika jarida la Tanganyika Notes and Records, katika siku ambazo serikali ya kikoloni ilipenda zaidi kuwaamuru wakulima kuliko kuwauliza. Heshima iliyo kubwa zaidi ilikuja katika miaka ya 1990, pale wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto walipokwenda Mbinga kukaa vijijini, wakauliza, wakapima, wakatembea bonde kwa bonde pamoja na wenyeji. Wakajifunza kuwa Mmatengo huuhesabu mlima kwa ntambo, yaani kipande cha ardhi kilicho baina ya vijito viwili, chenye msitu juu, mashamba ya ngolo na kahawa katikati, na maji chini; na kwamba mwenye kuharibu sehemu ya juu amewadhulumu walio chini.

Mwaka 1999 chuo cha Sokoine, kwa msaada wa Japani, kilianzisha kituo cha maendeleo endelevu vijijini, na Kindimba pakawa mahali pa kuyajaribu maarifa hayo. Wakati huo sengu ya kale ilikuwa imefifia, kwa kuwa familia nyingi zilikwishajitenga kila moja na chakula chake. Wanakijiji walipoamua kujenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, walihitaji chombo cha kuisimamia kazi hiyo, wakaunda kamati na kuipa jina la sengu. Na kwa kuwa mashine haisagi kijito kikikauka, kazi ya kusaga mahindi ikafungamana na kazi ya kupanda miti katika vyanzo vya maji.