Sayyida Salme: Binti wa Sultani aliyejifunza kuandika kwa siri

Sayyida Salme binti Said, mwandishi aliyefahamika pia kwa jina la Emily Ruete, alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alitawala Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria mwenye asili ya Circassia.

Enzi hiyo misafara ya biashara kutoka pwani ilifika Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, ikieneza Kiswahili ambacho leo ni lugha ya wakazi wengi wa Buyenzi, mjini Bujumbura.

Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Qurani, si kuandika. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimponza. Mwaka 1859, Barghash alipopanga kumpindua ndugu yao, Sultani Majid, aliyeandika barua za njama alikuwa Salme. Njama hiyo ilishindwa.

Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, alitorokea Aden kwa manowari ya Uingereza. Mwaka uliofuata alibatizwa, akaolewa, na kuhamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu na kufariki, akimwachia watoto watatu.

Mwaka 1885 Ujerumani ilimrejesha Zanzibar kwa meli, wakati ikimshinikiza Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, kuhusu ardhi ya bara. Barghash alikataa kumpokea dada aliyemwandikia barua zake, wala hakumpa urithi wake. Wajerumani, ambao baadaye waliifanya Usumbura, Bujumbura ya leo, kuwa kituo chao cha kijeshi, walipopata walichokitaka waliyaweka kando madai yake.

Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mjini Berlin. Humo alieleza malezi, mavazi, sikukuu na maradhi ya kasrini, mambo ambayo wageni waliyaandika kwa kusikia tu. Aliutetea pia utumwa, ingawa mama yake mwenyewe alinunuliwa akiwa mtoto.

Baada ya kuishi Beirut kwa miaka mingi, alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924. Alizikwa Hamburg pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa Zanzibar. Urithi aliounyimwa hakuupata; kitabu chake kinasomwa hadi leo.