Kompyuta ya Unix kama ruta

Kompyuta ya Unix kama ruta ni kompyuta ya kawaida yenye mfumo wa uendeshaji wa jamii ya Unix, kwa mfano Linux, FreeBSD au OpenBSD, ambayo imepewa kazi ya kupitisha pakiti za data kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Kwa kawaida huwa na kadi mbili za mtandao: moja huelekea intaneti, nyingine huelekea mtandao wa ndani, kama ule wa maabara ya kompyuta shuleni.

Historia

Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa toleo la Unix liitwalo 4.2BSD. Lilikuwa na itifaki za TCP/IP pamoja na programu ya routed, inayobadilishana habari za njia na ruta za jirani. Baadaye ilionekana kwamba baadhi ya kompyuta zilijigeuza ruta zenyewe kwa sababu tu zilikuwa na kadi zaidi ya moja, zikavuruga mitandao bila wasimamizi kutambua. Kwa hiyo waraka wa RFC 1122 wa Oktoba 1989 ulikataza jambo hilo: kazi ya ruta sharti iwashwe na msimamizi kwa makusudi.

Kuwasha upitishaji

Katika Linux, tunu ya net.ipv4.ip_forward hubadilishwa kutoka 0 kuwa 1 kwa amri ya sysctl. Badiliko hilo hupotea kompyuta ikizimwa, isipokuwa likiandikwa pia katika faili la mipangilio, kama /etc/sysctl.conf. Katika FreeBSD huandikwa gateway_enable="YES" ndani ya /etc/rc.conf.

Tangu hapo, pakiti isiyo ya kompyuta yenyewe haitupwi tena. Mfumo hutazama anwani ya mwisho wa safari, hutafuta katika jedwali la njia mstari unaolingana nayo kwa usahihi zaidi, hupunguza tarakimu ya TTL kwa 1, kisha huituma. TTL ikifika 0 pakiti hutupwa, ili isizunguke bila mwisho.

Njia ya kurudi

Hapa ndipo wanaoanza hukwama mara nyingi. Tuseme maabara inatumia anwani za 192.168.10.0/24, na kadi ya ndani ya ruta ni 192.168.10.1. Kila kompyuta ya maabara inapaswa kuelekezwa kwenye 192.168.10.1 kama njia yake ya kutokea. Hata hivyo pakiti zaweza kutoka vizuri na majibu yasirudi, kwa kuwa anwani hizo ni za faragha (RFC 1918, mwaka 1996) na ruta za intaneti hazina njia ya kuzifikia.

Dawa yake ni NAT: ruta huweka anwani yake ya nje mahali pa ile ya mtumaji, hukumbuka mawasiliano hayo, na jibu likifika hulirudisha kwa mwenyewe. Linux hutumia nftables au iptables, OpenBSD hutumia pf. Lakini kati ya mitandao miwili ya taasisi moja NAT haihitajiki. Inatosha kuongeza mstari wa njia katika ruta ya upande wa pili. Kuendesha tcpdump kwenye kadi moja, kisha nyingine, huonyesha pakiti imeishia wapi.

Usalama

NAT si ukuta wa moto. Kanuni za kuzuia pakiti zisizotakiwa zinapaswa kupakiwa kabla ya upitishaji kuwashwa, si baada yake. IPv6 ina swichi yake, nayo huleta mshangao: katika Linux, ikiwashwa, kompyuta huacha kupokea matangazo ya ruta nyingine isipokuwa accept_ra iwe 2, hivyo inaweza kupoteza njia yake yenyewe ya kwenda intaneti.

Matumizi

Ruta nyingi ndogo za nyumbani zina Linux ndani yake. Mradi wa OpenWrt, ulioanza mwaka 2004, ulitokana na programu ya ruta ya Linksys WRT54G. Kompyuta kuukuu ya mezani huweza kufanya kazi hiyohiyo, ila hula umeme mwingi zaidi.