Chupa Zisizo na Majina: Safari ya Mwanafunzi wa Uuguzi

Mwaka 1911 muuguzi wa Marekani, Linda Richards, alichapisha kitabu cha kumbukumbu za maisha yake. Sisi wapenda fasihi hatukitaji sana, lakini kina jambo moja ambalo ukishalisoma halikutoki kichwani. Richards anasimulia kwamba alipokuwa akisomea uuguzi Boston, mwaka 1872 hadi 1873, chupa za dawa zililetwa wodini zikiwa na namba tu. Majina yalifichwa makusudi. Mwanafunzi alimnywesha mgonjwa dawa asiyoijua jina, basi.

Na huyu ndiye anayetambuliwa kuwa muuguzi wa kwanza wa Marekani kuhitimu mafunzo rasmi! Siku yake ilianza saa kumi na moja na nusu alfajiri na kwisha saa tatu usiku. Baada ya hapo alilala karibu na wodi, maana wagonjwa wake sita walikuwa wake usiku na mchana. Vitabu vya kiada havikuwapo.

Leo tukisikia habari za ufundishaji unaomweka mwanafunzi katikati, wengi tunadhani ni maneno ya semina tu. Lakini katika uuguzi maneno hayo yana historia nzito. Kabla ya kuwekwa katikati, ilibidi kwanza mtu huyu akubaliwe kuwa ni mwanafunzi.

Florence Nightingale alipofungua shule yake katika St Thomas' Hospital, London, mwaka 1860, wazo lake lilikuwa pana kuliko lilivyokuja kutumika. Kitabu chake kuhusu uuguzi kinasisitiza kuchunguza: muuguzi amtazame mgonjwa na aelewe anachokiona. Wanafunzi wake walitakiwa hata kuandika shajara. Ila mfumo ulipoenea, hospitali nyingi zilichukua kilichokuwa na faida ya haraka, yaani utii na mikono ya bei rahisi. Shule ikawa njia ya kujaza zamu.

Jambo hili lilisemwa waziwazi mwaka 1923, katika ripoti iliyoandaliwa na Josephine Goldmark kwa fedha za Rockefeller Foundation. Ilionyesha kwamba mahitaji ya hospitali yalikuwa yakimeza masomo: wodi ikipungukiwa watu, darasa ndilo linalosubiri. Mwaka huohuo Yale ikafungua shule ya uuguzi chini ya Annie Goodrich, iliyokusudiwa kuweka elimu mbele ya mahitaji ya zamu.

Hatua nyingine ilitoka Kanada. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha McMaster kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari na kuanza kuwafundisha kwa njia ya matatizo. Baadaye wauguzi wa chuo hicho nao wakaifuata. Kikundi kidogo kinapewa kisa cha mgonjwa. Wanafunzi wanajiuliza: tunajua nini hapa? Hatujui nini? Kisha wanakwenda kutafuta, wanarudi, wanabishana. Mwalimu yupo, anauliza, anawarudisha wakipotea njia, lakini hawamiminii majibu.

Tusidanganyane, njia hii ina gharama. Inataka walimu wa kutosha na vitabu vya kutosha. Darasa likifurika, "jadilianeni wenyewe" inaweza kugeuka kuwa mwalimu kukwepa kazi yake. Na yapo mambo yasiyo na mjadala: kukokotoa dozi na kunawa mikono lazima ufanye tena na tena mpaka yakukae.

Hata hivyo, mara nyingi muuguzi ndiye mtu wa mwisho kuishika dawa kabla haijaingia mwilini mwa mgonjwa. Dozi ikiwa imekosewa, huyo ndiye wa kusema, "Daktari, hebu tuangalie tena." Mtu aliyelelewa miaka yote akariri na kunyamaza atautoa wapi ujasiri huo usiku wa manane, mbele ya mkubwa wake? Kuuliza nako hufundishwa, na mahali pa kuanzia ni darasani, ambako swali likiwa la kijinga hakuna anayekufa.

Chupa za namba zimekwisha siku nyingi. Lakini kila mwanafunzi anayeambiwa "wewe fanya tu, sababu utazijua baadaye" amekabidhiwa moja.