Sheria ya matamshi ya chuki: inasema nini, na kwa nini siiungi mkono

Tunaelekea uchaguzi wa 2027, na wimbo ni ule ule: sheria ya matamshi ya chuki iongezwe makali. Wengi wanaousema hivyo hawajaisoma. Basi kabla sijatoa langu, tuifungue kwanza.

Sheria yenyewe ni ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ya mwaka 2008, iliyotungwa nchi ikiuguza majeraha ya fujo za baada ya uchaguzi wa 2007. Ndiyo iliyounda ile tume tunayoijua kwa herufi zake, NCIC. Kifungu cha 13 kinasema ni kosa kutumia maneno, maandishi au mwenendo wa kutisha, kutukana au kudhalilisha, ikiwa mtu amekusudia kuchochea chuki ya kikabila, au ikiwa, kwa kuangalia mazingira yote, yaelekea chuki hiyo itachochewa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 62 kinahusu maneno ya kuamsha dharau, uhasama au chuki kwa misingi ya kabila au rangi, na kifungo chake chafika miaka 5.

Lirudieni lile neno "au". Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Upande mmoja wa kifungu cha 13 wataka nia. Upande wa pili hauna haja na nia. Kinachotakiwa ni "yaelekea" tu. Wala hapakuandikwa kwamba lazima pawe na hatari ya mtu kupigwa au kuchomewa nyumba. Sasa anayepima huko "kuelekea" ni nani? Ni afisa wa polisi, ni mwendesha mashtaka, na mara nyingi ni mwanasiasa aliyepiga simu. Kwa mheshimiwa milioni 1 ni harambee moja. Kwa kijana wa bodaboda aliyeandika hasira zake Facebook, ni maisha yake.

Nitaambiwa Katiba yenyewe imekataza matamshi ya chuki. Kweli. Kifungu cha 33 kinatoa uhuru wa kujieleza, kisha kinasema uhuru huo haufiki kwenye propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Lakini soma na kifungu cha 24: haki haibanwi ila kwa sheria yenye mipaka ya busara, inayokubalika katika jamii huru. Mahakama Kuu imeshalisimamia hilo. Mwaka 2016, katika kesi ya Geoffrey Andare, Jaji Mumbi Ngugi alifuta kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana mno, mtu hawezi kujua kosa laanzia wapi. Mwaka 2017 kosa la jinai la kuharibu jina nalo likafutwa.

Utata huu si wa vitabuni. Aprili 2022 tume ilitoa orodha ya maneno ya kuangaliwa. Mlikuwamo "mende", neno ambalo kila aliyesikia habari za Rwanda 1994 anajua lilifanya nini. Mlikuwamo "madoadoa". Mlikuwamo letu la Pwani, "wabara waende kwao". Na humo humo mkatiwa "hatupangwingwi", ambalo lilikuwa kibwagizo cha kampeni cha upande mmoja wa uchaguzi ule! Ukiliweka neno la kuita watu wadudu kapu moja na utani wa Sheng, basi kapu halina maana.

Sisi wa Pwani tungekuwa wa mwisho kuipenda sheria ya namna hii. Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, alifungwa miaka 3 kuanzia 1969 kwa sababu ya karatasi yake "Kenya: Twendapi?" iliyoikosoa serikali. Kosa aliloshtakiwa ni uchochezi dhidi ya serikali, na sheria ile ya kikoloni, iliyobaki vitabuni hadi 1997, ilihesabu pia kuwa kosa kuamsha uhasama baina ya matabaka ya wananchi. Maneno mazuri kabisa ukiyasikia. Na lile baraza la MRC lilipigwa marufuku mwaka 2010, hadi Mahakama Kuu ya Mombasa ilipoiondoa marufuku hiyo Julai 2012. Mimi sikubaliani na "Pwani si Kenya". Lakini ni dai la kisiasa, na nyuma yake pana ardhi na hati ambazo hazijapatiwa jawabu mpaka leo.

Sasa hoja nzito dhidi yangu ni Likoni, Agosti 1997. Watu wa bara waliuawa, wakafukuzwa majumbani, na kabla ya hapo yalikuwapo maneno. Sipuuzi hata kidogo. Mama aliyetoka Machakos akapanga chumba Likoni, akisikia "waende kwao", ana haki ya kuogopa. Lakini sheria ya uchochezi wa ghasia, kifungu cha 96 cha Kanuni ya Adhabu, ilikuwapo. Mauaji yalikuwa kosa, kula kiapo cha kuua kulikuwa kosa. Kilichokosekana ni dola kutaka kuwakamata wakubwa waliohusika. Sheria ya kutukana isingewaokoa watu wale.

Wapo ndugu zetu Waislamu wanaotaka dini iongezwe katika kifungu cha 13, kwani sasa chataja rangi, taifa na kabila tu. Wanaumia dini yao ikitukanwa, nami naumia. Ila wafikirie mihadhara yetu ya uwanjani, ambako maustadhi na wachungaji hujadiliana waziwazi kuhusu vitabu vyao. Anayesema itikadi ya mwenzake ni batili "yaelekea" atachukiza. Hizo khutba za Ijumaa tusidhani zitasalimika. Kukashifu kwa makusudi tayari ni kosa chini ya kifungu cha 138 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo cha mwaka 1, nacho angalau kinadai nia.

Ninalotaka ni dogo. Ile nusu ya pili ya kifungu cha 13 iondolewe, na anayeshtakiwa athibitishwe nia pamoja na hatari iliyo karibu. Mpango wa Rabat wa Umoja wa Mataifa wa 2012 umetaja mambo sita ya kupima: mazingira, msemaji, nia, maudhui, upana wa kusambaa, na uwezekano wa madhara. Mheshimiwa mwenye kipaza sauti mbele ya umati wenye marungu hawezi kuhesabiwa sawa na kijana aliyeko kibarazani.

Mpaka hapo, ukikamatwa, kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoifahamu, kunyamaza, kuzungumza na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi inayofuata ikiwa mahakama imefungwa.